Thumuni Iliyogeuka Tusui: Hisabu ya Mirathi na Kompyuta za Leo

Leo twataka kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo wengi huliona kavu, nalo ni hisabu ya sehemu: nusu, robo, thuluthi na ndugu zake. Usiufunge ukurasa. Huenda ndani ya hisabu hii imo haki ya mama yako, au ya binti yako, au yako mwenyewe.

Lugha yetu ina majina ya sehemu mengi kuliko tunavyokumbuka. Wazee wa pwani walihesabu nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui na ushuri. Yaani kutoka sehemu ya 2 mpaka sehemu ya 10, kila moja ina jina lake. Nusu na robo bado tunazo sokoni kila siku. Thumuni ilibaki masikioni mwa wazee kwa jina la sumuni, ile sarafu ya senti 50. Ushuri haujapotea, kwani ndio ndugu wa neno ushuru. Mengine yamelala katika kamusi. Lakini chuoni majina haya hayakulala, kwa sababu mwanafunzi hawezi kusoma ilimu ya mirathi asiyajue. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176, Mwenyezi Mungu ametaja mafungu sita kwa majina: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi moja na sudusi. Hakusema "karibu na thuluthi". Amesema thuluthi.

Hapa petu Kibaha, na kwa jirani zetu wa Kisarawe, jambo hili si la vitabuni tu. Shamba la minazi na mikorosho ambalo babu aliliacha, na likakaa miaka bila ya kugawiwa, leo linakatwa viwanja, kwani jiji la Dar es Salaam limeifuata barabara ya Morogoro mpaka milangoni petu. Zamani warithi walikula nazi kwa kupeana, na aliyepata pungufu msimu huu alifidiwa msimu ujao. Leo pana fedha taslimu, na penye fedha taslimu pana kikokotoo, na pana simu yenye programu ya kugawa mirathi. Msimamizi wa mirathi hubonyeza, na hesabu hutoka. Basi swali letu ni hili: mashine ile inapoandika thuluthi, je, ni thuluthi kweli? Tukitaka kulijibu, haina budi turudi nyuma kidogo.

Mas-ala mawili ya zamani

Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.), uliokuwa kati ya mwaka 634 na 644, ililetwa mas-ala ya mwanamke aliyekufa akaacha mume na dada wawili. Fungu la mume ni nusu. Fungu la dada wawili ni thuluthi mbili. Kusanya, msomaji: nusu ni 3 katika 6, na thuluthi mbili ni 4 katika 6, jumla ni 7 katika 6. Mafungu yamezidi mali. Umri aanze na nani, na amkate nani, na wote wametajwa na Mola wao?

Sayyidna Umar aliwataka shauri Masahaba. Husimuliwa kwamba katika shauri hilo ulitolewa mfano wa deni: mtu amekufa na dirhamu 6, naye adaiwa 3 na mmoja na 4 na mwingine, utafanyaje? Utaigawa mali mafungu 7, na kila mmoja atapungukiwa kwa kadiri ya haki yake. Likakubaliwa hilo, likaitwa aul. Ibn Abbas (R.A.) baadaye alikhitilafiana nao, lakini madhehebu manne ya Sunni yamelishika. Tazama uadilifu wake. Upungufu hauwezi kuepukwa, lakini umegawiwa kwa uwiano, na umegawiwa hadharani. Hapana mmoja aliyeubeba peke yake bila ya kujua.

Mas-ala ya pili ni mashuhuri zaidi, nayo huitwa al-Minbariyya, mas-ala ya mimbari. Mtu amekufa akaacha mjane, mabinti wawili, baba na mama. Husimuliwa kwamba Sayyidna Ali (R.A.) aliulizwa mas-ala hii naye yu juu ya mimbari, akajibu papo hapo, bila ya kukata khutuba yake, ya kwamba thumuni ya mjane imekuwa tusui. Alifikaje huko? Tuifuate njia yake. Asili ya mas-ala ni 24. Thumuni ya mjane ni 3. Thuluthi mbili za mabinti ni 16. Sudusi ya baba ni 4 na sudusi ya mama ni 4. Jumla ni 27. Basi mali itagawiwa mafungu 27, na mjane atapata 3 katika 27, nayo ndiyo tusui, moja katika 9.

Angalia kwamba katika hesabu hii hapana hata tarakimu moja iliyotupwa. Thumuni haikukatwa ikawa "karibu tusui". Imegeuka tusui kamili, na mwenye kutaka kuhakikisha aweza kuhakikisha kwa vidole vyake.

Asili na kiasi

Vijana wetu wanaosoma katika shule za Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki na likakabidhiwa kwa nchi yetu mwaka 1970, na wenzao wa shule nyingine zote, hufundishwa kwamba sehemu ina namba mbili: ya juu ni kiasi, ya chini ni asili. Hufundishwa pia kutafuta kigawe kidogo cha shirika, nao hudhani hilo ni jambo la mtihani tu. Kumbe mwenzao aliyeko chuoni, katika darasa la mirathi, anatafuta kitu hicho hicho, na hata jina ni moja: asili ya mas-ala.

Wanavyuoni wa mirathi wamezihesabu asili hizo, nazo kwa mafungu haya sita ni saba: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Zinazoingiwa na aul ni tatu tu. Ya 6 hupanda mpaka 7, 8, 9 au 10. Ya 12 hupanda mpaka 13, 15 au 17. Ya 24 hupanda mara moja, mpaka 27. Na ili kuipata asili, mwanafunzi hufundishwa kuzitazama namba mbili kwa hali nne: tamaathul, zikiwa sawa, tadaakhul, moja ikiingia ndani ya nyingine, kama 3 na 6, tawaafuq, zikiwa na kigawo cha shirika, kama 6 na 8, na tabaayun, zisipokuwa na kigawo chochote cha pamoja ila 1, kama 3 na 4. Mwenye kuzijua hali hizi nne anaijua nguzo ya hisabu ya sehemu. Zishike moyoni, msomaji, kwani tutakutana nazo tena mahali usipotarajia.

Ilimu hii ndiyo iliyowasukuma Waislamu wa kale kuikuza hisabu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 mpaka 833, aliandika kitabu chake cha al-jabr, na karibu nusu ya kitabu hicho ni mas-ala ya wasia na mirathi. Kutokana na jina la kitabu lilitoka neno aljebra, na kutokana na jina lake mwenyewe lilitoka neno algorithi, yaani hatua za kufuata mpaka kupata jibu, ambalo leo liko vinywani mwa mafundi wote wa kompyuta. Katika karne ya 12, mwanahisabu wa Maghribi aitwaye Abu Bakr al-Hassar alikuwa akiandika sehemu kwa mstari mlalo baina ya kiasi na asili. Kisha Leonardo wa Pisa, aitwaye Fibonacci, ambaye katika ujana wake alisomea hisabu kwa Waarabu katika bandari ya Bejaia, Aljeria, aliutumia mstari huo katika kitabu chake cha mwaka 1202, na Ulaya ikausoma. Mstari anaouchora mtoto wako katika daftari lake umetokea huko.

Na sisi pwani hatukukaa nje. Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy, mwanachuoni wa Tanga, aliandika kitabu cha mirathi ambacho kilitafsiriwa kwa Kiingereza na P. E. Mitchell, ofisa wa serikali ya kikoloni ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda na kisha wa Kenya. Kitabu kilipigwa chapa katika miaka ya 1920. Mtawala alikuja na mizani yake na sheria zake, lakini katika kugawa mali ya Muislamu alilazimika kujifunza 24 na 27.

Desimali na mahali pake

Msomaji atauliza: desimali je? Si ndiyo hisabu ya kisasa? Hapana, nayo ni ya zamani. Al-Uqlidisi aliiandika Dameski katikati ya karne ya 10. Al-Kashi, katika mji wa Samarkand, aliieleza kwa upana katika kitabu alichokimaliza mwaka 1427, na kabla yake, mwaka 1424, alikuwa amepima uwiano wa mzingo wa duara na nusukipenyo chake kwa tarakimu 16 za desimali. Kwa kazi ya nyota na duara desimali ni neema, kwani uwiano ule hauandikiki kwa sehemu yoyote ya namba kamili. Mwenye kupima nyota anatafuta ukaribu, na kila akiongeza tarakimu anakaribia zaidi.

Lakini mwenye kugawa mirathi hatafuti ukaribu. Nusu ni 0.5, robo ni 0.25, thumuni ni 0.125, hizi zinakwisha. Thuluthi ni 0.333 na haikwishi kamwe. Sudusi ni 0.1666 nayo haikwishi. Wanavyuoni wameyagawa mafungu sita makundi mawili: nusu, robo na thumuni upande mmoja, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi upande wa pili. Ni ajabu kwamba kundi la kwanza lote hukubali desimali, na kundi la pili lote huikataa.

Mashine ilipokuja

Kompyuta nayo ina taabu hiyo hiyo, na zaidi. Mashine hii huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kwa hiyo sehemu inazoweza kuziandika kamili kwa desimali zake ni zile ambazo asili yake ni 2, 4, 8, 16 na kuendelea hivyo. Nusu, robo na thumuni zimeingia. Thuluthi na sudusi zimebaki nje, na hata ushuri, moja katika 10, umebaki nje. Kwa namna iliyokubaliwa na mafundi tangu mwaka 1985, thuluthi ndani ya kompyuta huandikwa kuwa ni 6,004,799,503,160,661 juu ya 18,014,398,509,481,984. Zidisha ile ya juu kwa 3, utaona inapungua kwa 1. Ni chembe, lakini si thuluthi. Iambie mashine hiyo ikusanye ushuri mara kumi, haitakuambia 1, itakuambia 0.9999999999999999.

Mtu atasema: chembe kama hiyo yamdhuru nani? Kwa hesabu moja haimdhuru mtu. Lakini chembe hukusanyika. Mnamo Februari 25, 1991, katika vita vya Ghuba, mtambo wa Kimarekani wa kuzuia makombora uliokuwa Dhahran, Saudi Arabia, ulikosa kulizuia kombora, na askari 28 wakafa. Mtambo ulihesabu wakati kwa ushuri wa sekunde, na ushuri ule ulikuwa umekatwa. Baada ya saa 100 hivi za kufanya kazi mfululizo, kosa lilikuwa limefika karibu thuluthi ya sekunde, na kwa mwendo wa kombora hiyo ni zaidi ya nusu kilomita.

Tena, huko Vancouver, Kanada, soko la hisa lilianzisha kipimo cha bei Januari 1982, likakianzisha na 1,000. Kila hesabu ilipofanywa, kompyuta ilizitupa tarakimu za mwisho. Ilipofika Novemba 1983 kipimo kilisoma karibu 525, na kilipohesabiwa upya kwa usahihi kilikuwa karibu 1,099. Hakuibiwa mtu, hakudanganya mtu. Chembe zilitupwa kila siku, na zote upande mmoja.

Nchi yetu nayo iliionja taabu ya mashine hizi mapema. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mpango wa hesabu kwa kompyuta ulipokwenda mrama, kazi ilirudishwa mikononi, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Marufuku hayo yaliondoka zamani, na leo kompyuta iko katika mfuko wa kanzu. Hatusemi irudishwe kabatini. Twasema iulizwe.

Lugha zisizofuta ubao

Sasa, ndugu msomaji, tufike kwenye jambo lenyewe. Mashine haisemi mpaka isemeshwe, na lugha za kuisemesha ni nyingi. Nyingi katika hizo hufanya kazi kwa amri: chukua namba, ibadilishe, weka mpya mahali pa ile ya kale. Ni mfano wa mwanafunzi na ubao wake: anaandika, anafuta, anaandika tena. Lakini ziko lugha za namna nyingine, ziitwazo lugha za fanksheni. Msingi wake uliwekwa na mwanamantiki wa Kimarekani Alonzo Church katika miaka ya 1930. Mwaka 1958 John McCarthy alianza kuitengeneza Lisp, ambayo ndiyo ya kale katika ukoo huo, na mwaka 1990 ikatoka lugha iitwayo Haskell, kwa jina la mwanamantiki Haskell Curry.

Fanksheni ni kanuni: unaipa kitu, inakupa jibu, na kile ulichoipa kinabaki kama kilivyokuwa. Hapana kufuta ubao. Na hili lina maana kubwa kwa mwenye kugawa mirathi. Chukua mali ya shilingi 24,000,000, na warithi ni mjane mwenye thumuni, mama mwenye sudusi, na mtoto wa kiume mwenye kuchukua kinachobaki. Mjane apata 3,000,000 na mama 4,000,000, kwani kila mmoja ahesabiwa kutoka mali nzima. Lakini mgawaji asiyejua humpa mjane kwanza, akafuta 24 akaandika 21, kisha akampa mama sudusi ya kilichobaki, yaani 3,500,000. Mama amepoteza nusu milioni kwa sababu jina lake lilikuwa la pili katika karatasi! Mafungu yaliyotajwa katika Qur'ani huhesabiwa kutoka asili, wala hayaangalii zamu. Kuna mas-ala mawili mashuhuri yanayoitwa Umariyyatain, ambamo mama hupewa thuluthi ya baki baada ya mume au mke, nayo yamewekwa wazi vitabuni. Yasiyokuwa hayo, mali ya asili ibaki mbele ya macho mpaka mwisho. Lugha ya fanksheni imejengwa juu ya adabu hiyo.

Jambo la pili ni kwamba lugha hizi hukubali kuishika sehemu kama ilivyo. Katika Haskell waandika kiasi, kisha alama %, kisha asili: thumuni ni 1 % 8. Mashine haiibadilishi kuwa desimali. Inazihifadhi namba mbili, kiasi na asili, kama zilivyo katika daftari la mtoto. Ukiiambia ikusanye thumuni na sudusi, inatafuta asili ya pamoja na kukupa 7 % 24. Ukiipa 3 % 27, inatafuta kigawo kikubwa cha shirika, ambacho ni 3, na kukujibu 1 % 9. Umeiona? Hii ni tadaakhul, ile ile ya chuoni. Mashine imefanya alivyofanya Sayyidna Ali juu ya mimbari: thumuni imegeuka tusui, wala hapakukatwa tarakimu.

Lakini tahadhari. Hata katika Haskell, mwandishi asiposema kwamba ataka sehemu kamili, akaandika 1 gawa kwa 3 na kunyamaza, atapewa desimali za mashine. Katika Lisp ya leo ukigawa 1 kwa 3 wapewa thuluthi yenyewe bila ya kuomba. Na lugha nyingine zisizokuwa za fanksheni nazo leo zina njia ya kushika sehemu kamili kwa mwenye kuitafuta. Kwa hiyo lawama si ya mashine. Ni ya aliyeandika, na ya sisi tusiouliza.

Kiwanja cha milioni 27

Tutoe mfano wa kukadiria, wala haumhusu mtu yeyote. Tuseme shamba la upande wa Mlandizi limeuzwa kwa shilingi 27,000,000, na warithi ni wale wa mas-ala ya mimbari. Kwa hisabu kamili, mjane apata 3,000,000, kila binti 8,000,000, baba 4,000,000, mama 4,000,000. Jumla 27,000,000, hakuna kilichobaki wala kupungua.

Sasa aje mtu na kikokotoo. Thumuni ataiandika 0.125. Thuluthi mbili ataikadiria kuwa 0.67, na kila sudusi 0.17. Jumla yake ni 1.135, naye atagawa kwa jumla hiyo. Mjane atapata 2,973,568. Mabinti wawili kwa pamoja watapata 15,938,326. Baba na mama watapata 4,044,053 kila mmoja. Jumla ni ile ile 27,000,000, na kila aliyehudhuria atasema hesabu imetimia. Lakini mjane amepungukiwa 26,432 na mabinti 61,674, na fedha hizo, 88,106, zimehamia kwa baba na mama wa marehemu. Nani kazichukua? Hapana. Zimehamishwa na tarakimu mbili za desimali. Baba na mama hawakutaka haki ya wajukuu wao, nao wameila bila ya kujua.

Na je, yakifuatana mauti kabla ya kugawa? Hii huitwa munaasakha, na mashamba yetu yaliyokaa vizazi viwili bila ya kugawiwa yamejaa hali hii. Tuseme yule mjane amekufa kabla hajapokea, akaacha mabinti wake wale wawili, mama yake na kaka yake. Tusui yake itagawiwa kwa 6: mabinti 4, mama yake 1, kaka yake 1. Sudusi ya tusui ni moja katika 54. Basi mali yote sasa ni mafungu 54: mabinti 36, baba wa marehemu wa kwanza 8, mama wa marehemu huyo 8, mama wa mjane 1, kaka wa mjane 1. Kila fungu ni shilingi 500,000. Akifa mwingine, asili itapanda tena, huenda ikafika mamia au maelfu. Hapo mkono huchoka na kichwa hukosea, na hapo ndipo mashine yenye kushika sehemu kamili inapokuwa msaada wa kweli, kwani kwake 54 na 54,000 ni kazi moja. Lakini mashine yenye kukata, kila mauti huikata upya.

Kikomo cha mashine

Tusiisifu kupita haki yake. Sehemu kamili, zikizidishwa mara nyingi, huzaa namba ndefu zenye kuchosha hata kompyuta. Ndiyo maana wahandisi na wapima nyota huchagua desimali, nao wana haki. Tena mashine haijui mrithi ni nani. Haijui kama deni la marehemu limelipwa, kama gharama za maziko zimetolewa, kama wasia umevuka thuluthi. Ukilificha jina la dada yako aliyeolewa mbali, upande wa Maneromango, mashine itakugawia dhulma kwa sehemu kamili kabisa, bila ya kukosea hata chembe. Usahihi wa hisabu hauwi uadilifu mpaka ukweli uitangulie.

Na mwisho wa yote fedha haigawiki mpaka ncha ya sindano. Shilingi 10,000,000 ukizigawa kwa 27, kila fungu ni 370,370, na zabaki shilingi 10. Kukata hapo hakuepukiki. Lakini kukate mara moja tu, mwishoni, baada ya mafungu yote kujulikana; na kukate mbele ya warithi, nao waseme zile 10 ziende wapi, kwa sadaka au kwa mdogo wao. Kilichoachwa kwa ridhaa ni hiba. Kilichopotea ndani ya mashine bila ya mwenyewe kujua si hiba, hata kiwe kidogo namna gani.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapokaa katika kikao cha mirathi, iwe nyumbani au Mahakama ya Mwanzo, usikubali kusomewa shilingi peke yake. Omba kwanza usomewe asili ya mas-ala: mali imegawiwa mafungu mangapi, na wewe una mangapi? Namba hizo mbili mtoto wa darasa la tano aweza kuzikusanya na kuzihakikisha. Wafundisheni mabinti zenu kuzikusanya. Na wewe kijana unayeandika programu za simu, ukiwaandikia Waislamu mashine ya mirathi, shika kiasi na asili mpaka mwisho, na uzionyeshe kwenye kioo kabla ya shilingi, ili bibi kizee asiyejua mashine yako aweze kuikosoa.

Wabillahi tawfiq.